Kijibwa dume ananyanyua mguu sebuleni: maswali yenu ya mwezi huu

Wapendwa, mwezi huu simu yangu imejaa mbwa. Sio wale wakubwa wa getini, ni hawa wadogo wa ndani, madume, na malalamiko karibu yote ni yaleyale, ananyanyua mguu sebuleni. Wala sishangai, tangu serikali ianze kuhamia huku 2016 na watu wakajaa kwenye nyumba za tailizi Kisasa, Ilazo, Iyumbu na kwingineko, naona na mbwa wa kukaa kwenye kochi nao wamehamia, wakati Dodoma tuliyoizoea sisi mbwa kazi yake ilikuwa kulinda mbuzi na kulala nje basi. Nimechukua barua chache zenye mambo tofauti, mlioniuliza kitu kilekile jibu lenu limo humuhumu.

*Shikamoo dokta. Tuna mbwa mdogo mweupe, mchanganyiko wa Maltese na sijui nini, ana mwaka na miezi kidogo. Tangu mdogo anajisaidia nje vizuri tu. Tumehamia nyumba mpya juzijuzi ndo vituko vikaanza, anakojolea mguu wa kochi, pazia, mfuko wa mchele jikoni, na jana kakojolea begi la kazini la mume wangu huku mume wangu amekaa palepale anamwangalia! Ni kidogo tu, anadondosha anaondoka zake. Mume wangu anasema mbwa anamdharau, anampiga na kandambili, na akirudi jioni akikuta alama anamkamata anamsugua pua pale. Mama mkwe anakuja mwisho wa mwezi na ameshasema akikuta nyumba inanuka mkojo anaenda kulala kwa shemeji. Nisaidie. – Mama Wawili, Ilazo*

Marahaba mama, na pole. Mwambie baba watoto mbwa hamdharau, mbwa hana akili ya kukaa akapanga kumkomoa mtu kwa mkojo. Anachofanya tunaita kuweka alama na ni tofauti kabisa na kujisaidia. Mbwa anayejisaidia ndani anaacha dimbwi sakafuni, kibofu kilijaa hakuna aliyemtoa nje, yameisha. Huyu wako anaacha matone, tena kwenye kitu kilichosimama, na anachagua kitu kipya au chenye harufu ngeni. Mchukulie kama karani wa masjala, faili lolote linaloingia lazima aligonge mhuri. Nyumba ni mpya, labda waliokaa kabla yenu walikuwa na mbwa au paka, na begi la mzee limeshinda ofisini, limepanda daladala, limewekwa chini kwenye miguu ya watu, kwahiyo likitua sebuleni yeye anaona faili jipya.

Na umri wake ndo wenyewe. Madume wanaanza haya mambo wakibalehe, kati ya miezi sita na mwaka hivi, na mbwa wadogo wanawahi kubalehe kuliko wakubwa. Halafu wadogo wana mbwembwe zaidi, hilo sio maneno yangu, mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani walitoa matokeo ya kupima pembe ya mguu wa mbwa dume wakati anakojoa (ndio, kuna watu kazi yao ni hiyo) wakakuta vijibwa wananyanyua mguu juu zaidi kuliko mibwa mikubwa. Wanavyodhani ni kwamba mkojo ukifika juu atakayekuja kunusa ataamini hapa kapita bonge la mbwa.

Sasa kandambili. Aiache, leo hii. Mbwa akipigwa muda umeshapita haunganishi kipigo na mkojo, anaunganisha kipigo na baba kurudi nyumbani, na matokeo yake anajifunza kukojoa mahali ambapo hamumuoni, nyuma ya friji, chini ya kitanda, na ile hofu yenyewe inamfanya akojoe zaidi. Hilo la kumsugua pua ndo sielewi lilitoka wapi. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200, sisi tuna kama milioni 5 au 6, hahitaji kusogezwa karibu, anaijua harufu yake hata akiwa uani.

Cha kuanza nacho apimwe mkojo, hata kama una uhakika ni tabia tu. Maambukizi ya njia ya mkojo na mawe ya kibofu vinafanya mbwa akojoe kidogokidogo mara nyingi, na mawe kwa mbwa wadogo sio kitu cha ajabu. Itakuwa aibu mtumie miezi kumfundisha adabu mbwa anayeumwa.

Akiwa mzima, rudi kwenye harufu, na hapa ndo mnaponiua, maana kila barua imeandikwa "nimemwagia jiki". Jamani. Mkojo ukikaa unatoa amonia, jiki ikikutana na amonia inatoa gesi inayochoma macho na kifua, na mkiongezea siki juu ya jiki ndo mnajitengenezea klorini ndani ya nyumba yenye watoto. Na hata msipodhurika, nyie mnasikia harufu ya usafi yeye anasikia mkojo wake bado uko chini yake. Kinachovunja mkojo ni enzaimu. Zipo dawa maalumu za mkojo wa wanyama, ukikosa chukua sabuni ya unga ya kufulia ambayo pakiti imeandikwa kabisa ina enzaimu, sehemu moja kwa maji tisa, kwanza kausha mkojo kwa kitambaa, paka, acha dakika kama 15, futa kwa maji safi, ikikauka pitisha spiriti ya kusafishia vidonda (jiko liwe limezimwa, spiriti inashika moto). Kwenye kochi jaribu kwanza sehemu iliyojificha lisije likachujuka rangi. Siku ya mgao wa maji, siki nyeupe nusu na maji nusu kwenye chupa ya kupulizia inakuvusha, ila jiki isiwe imepita hapo. Wenye sakafu ya simenti tupu kazi yenu ni kubwa zaidi, simenti inanyonya, mtarudia na kurudia, na ikishakauka kabisa ni bora ipigwe rangi ya sakafu.

Madoa ya zamani msiyoyaona, azima kile kitochi cha kukagulia noti bandia kwa wakala wa pesa jirani yako, usiku zima taa mulika chini kwenye kuta na miguu ya makochi, mkojo unang'aa. Jiandae kisaikolojia.

Halafu usimwachie nyumba nzima. Kwa sasa akiwa ndani awe na wewe, kamba yake ifunge kiunoni mwako ukipika unaye ukifua unaye, ukishindwa akae chumba kidogo au kwenye kenneli yake, sio adhabu ni kumnyima nafasi, kwa sababu kila anapofanikiwa kuweka alama tabia inaota mizizi. Begi lining'inizwe, mchele uingie kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukimuona ananusanusa anazunguka kitu, piga makofi mara moja tu ya kumshtua, toka naye nje, akikojoa nje mpe kipande cha nyama palepale, sio mkisharudi ndani, mkirudi ndani anajua amepewa kwa kurudi ndani. Mtoe asubuhi, baada ya kula, na kabla ya kulala. Sehemu anayoipenda sana, ikishasafishwa vizuri, hamishia bakuli lake la chakula hapo, mbwa wengi hawaweki alama mahali wanapokula.

Na angalia nje. Mitaa hii mipya mbwa koko wanapita usiku, wanakojolea geti lenu, wako anasikia kila kitu kupitia ule uwazi wa chini ya geti naye anajibu kwa kochi. Osheni geti, uwazi uzibwe kwa bati au mbao. Kukiwa na jike jirani yuko kwenye joto (yaani anataka dume) hapo hata mimi nakuonea huruma, mpaka jike amalize.

Kuhusu mama mkwe sitakudanganya, hadi mwisho wa mwezi harufu inaweza kuisha ila tabia haitakuwa imeisha. Akifika tu mizigo yake ipande juu ya kabati kabla hajakaa. Na kuhasiwa tunaongelea hapa chini.

*Dokta mambo. Nina Chihuahua miaka miwili, anaweka alama nyumba nzima. Jamaa wa duka la dawa za mifugo kaniambia nimhasi tu. Kama mwanaume roho inaniuma kwa kweli, na nasikia wakihasiwa wananenepa wanakuwa mazembe hawabweki. Mke wangu kasema kati ya mimi na mbwa mmoja lazima ahasiwe mwaka huu. – Mwenye Huruma, Nkuhungu*

Poa kaka. Huruma yako naielewa ila unaipeleka pasipohusika, mbwa hana mipango ya familia anayoiwaza usiku. Kinachomsukuma kuweka alama kwa sehemu kubwa ni homoni ya kiume, ukiitoa wengi wanapungua. Nimesema wengi na nimesema wanapungua. Kuna utafiti wa Marekani wa 1997 uliofuatilia madume waliohasiwa wakiwa tayari wakubwa, zaidi ya nusu walipunguza kuweka alama angalau kwa nusu, lakini walioacha karibu kabisa walikuwa wachache kuliko hao. Kwahiyo mtu akikuambia hasi halafu kaa usubiri muujiza, anakudanganya. Usafi na kamba ya kiunoni vinabaki palepale, hasa kwa wako ambaye ana mwaka au zaidi anafanya, kwake imeshakuwa mazoea sio homoni peke yake. Ndo maana mbwa wadogo tunashauri wahasiwe mapema, kuanzia miezi sita hivi, kabla hajazoea.

Kubweka ataendelea kubweka, Chihuahua hazimwi. Kunenepa ni kweli anaweza, mwili wake utahitaji chakula pungufu kidogo, lakini mara nyingi anayenenepesha ni mwenye mbwa anayegawana naye chapati. Punguza kipimo cha chakula, mtembeze. Tabia usitegemee ibadilike wiki hiyohiyo, homoni inashuka haraka ila tabia inachukua wiki kadhaa hadi miezi, na wiki za kwanza bado anaweza kumpa jike mimba, msimwachie.

Kitu kimoja nakiomba, kazi hii ifanywe na daktari wa mifugo mwenye kutumia dawa ya usingizi na vifaa safi, sio mtu wa kupita na wembe. Pita ofisi ya mifugo ya halmashauri wakuelekeze, kliniki za binafsi hapa mjini zipo, na kesi ngumu kuna hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) pale Morogoro. Atavaa kola ya plastiki asilambe kidonda, nyuzi zinatolewa baada ya siku 10 hadi 14. Na kabla ya yote hesabu korodani, zipo mbili? Kama moja haijashuka imebaki tumboni, hapo kuhasi sio suala la mkojo tena, hiyo iliyobaki ina hatari kubwa zaidi ya kupata saratani na lazima itolewe. Msalimie shemeji.

*Habari dokta, mimi nimepanga Chang'ombe, uwani tunatumia wote. Kijibwa changu kimekojolea mswala wa bibi mwenye nyumba, ulikuwa umeanikwa kwenye kamba ya chini. Nimemnunulia mwingine hajaupokea, hasemi na mimi, naogopa nitapewa notisi. Niufue na nini huo wa zamani? – Mpangaji*

Mdogo wangu, sabuni yangu ya enzaimu hapa haitoshi. Kwa Waislamu wengi wa kwetu wanaofuata madhehebu ya Shafii, mkojo wa mbwa ni najisi nzito, kitu kikiguswa nao kinaoshwa mara saba na mojawapo iwe kwa udongo. Usiufue kienyeji halafu ukaurudisha kimyakimya, huo ndo utakuwa ugomvi wa pili. Nenda na mtu mzima anayeheshimika hapo mtaani, muombe radhi bibi, muulize yeye mwenyewe anataka usafishwe vipi au amuulize shehe wake, na anachosema ndo unafanya. Na eneo la uani alilochafua usafishe hivohivo anavyotaka.

Kwa upande wa mbwa, uani asitoke bila kamba tena. Mtengenezee kona yake, mchanga kidogo na kigogo kimesimama katikati, chovya kitambaa kwenye mkojo wake upake kile kigogo, mpeleke hapo kila mara, akikitumia mpe kitu. Madume wanapenda kitu cha kusimama, ukiwapa chao wanasahau cha watu, sio wote ila wengi.

Tena hata asiye Mwislamu asichezee mkojo wa mbwa. Mkojo wa mbwa mgonjwa unaweza kubeba vimelea vya leptospira, ile ile homa ya mgunda iliyotangazwa kule Lindi 2022, na binadamu anaipata kupitia kidonda au macho na mdomo. Vimelea hivyo havipendi ukavu na jua, kwa hilo Dodoma tumebarikiwa, ila ndani ya nyumba na kipindi cha mvua usijiamini. Vaa glovu, nawa mikono, na muulize daktari wako chanjo ya leptospira, huwa imo kwenye ile chanjo ya mchanganyiko ya mbwa. Ya kichaa cha mbwa kila mwaka hiyo hata sikukumbushi.

*Dokta shikamoo, mbwa wetu mdogo ana miaka kumi, hajahasiwa, hakuwahi kukojoa ndani. Sasa anadondosha hovyo, anakunywa maji sana, jana niliona kama damu. Watoto wanampa zabibu tunazoleta kutoka Hombolo anazipenda sana. Ni kuweka alama? – Mama wa Miyuji*

Marahaba. Hapana mama, huyu ni mgonjwa, mpeleke leo. Mbwa mzee anayeanza ghafla hana tabia mpya, ana tatizo, linaweza kuwa figo, kisukari, mawe, au tezi dume ambayo kwa madume wasiohasiwa inavimba uzeeni na inaleta damu. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi na ufizi umepauka fikiria pia homa ya kupe, huku kwetu ipo sana. Na ukimuona anajikamua hakitoki kitu, usisubiri kesho wala dawa ya kienyeji, njia ikiziba dume anaweza kufa ndani ya siku chache.

Zabibu ziishe kabisa. Najua mji wetu ni wa zabibu na inaonekana ni uchoyo kumnyima, lakini zabibu ni sumu kwa figo za mbwa, mbichi na kavu zote, na hakuna kipimo cha kusema chache hazina shida, mbwa mmoja atakula asidhurike mwingine atakula kidogo figo zigome. Anayetapika baada ya kula zabibu anakimbizwa kwa daktari palepale. Mwambie daktari amekula lini na kiasi gani, usimfiche kwa aibu.

*Ule mkanda wa tumboni wa mbwa dume unafanya kazi? Fundi wangu wa cherehani anaweza kuushona? – Dada wa Kikuyu*

Anaweza, tena kwa dakika chache. Mpe kipimo cha kiuno cha mbwa, kitambaa cha pamba tabaka mbili, upana wa kufunika uume vizuri, na velkro mwishoni. Ndani weka pedi au kipande cha daipa. Unazuia kochi lisilowe, haumfundishi mbwa kitu, kwahiyo tumia siku za wageni au unapokuwa bize na sio kumvalisha mwaka mzima huku unajidai umetibu. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na tumbo, pedi ikilowa ibadilishwe mara moja la sivyo ngozi inaungua inatoa vipele, usiku avuliwe, na kila ukimtoa nje uvuliwe kwanza. Hilo la mwisho ndo watu wanasahau, mbwa anatolewa nje na mkanda wake, ananyanyua mguu kwenye mti kwa heshima zote, anakojolea pedi.